Yukikaze, manowari iliyokataa kuzama

Nikichoka kusaka kasoro kwenye programu, huwa nasoma historia za manowari. Safari hii nimenasa kwa Yukikaze, destroya ya Japani iliyoanza kazi Januari 1940. Destroya ni manowari nyembamba, yenye mbio, kazi yake kubwa kulinda meli nyingine.

Wajapani waliiita meli ya bahati. Machi 1943, katika Bahari ya Bismarck, destroya 8 zilisindikiza meli 8 zilizobeba askari na mizigo. Ndege za Marekani na Australia zikazizamisha zote 8, na destroya 4 juu yake. Yukikaze ikatoka. Aprili 1945 Yamato, manowari kubwa kuliko zote, ilizama na watu wapatao 3,000. Yukikaze ikabaki ikiokota manusura.

Lakini jamani, bahati? Destroya za aina yake zilikuwa 19, na vita vilimeza 18. Ukiitazama hiyo moja peke yake, lazima utadhani ina hirizi! Zile 18 nazo zilikuwa na manahodha hodari.

Mimi nilichokipenda ni kilichofuata. Baada ya vita iling'olewa mizinga, ikawarudisha nyumbani Wajapani wapatao 13,000 waliokwama ng'ambo, akiwemo mchoraji Shigeru Mizuki, aliyepoteza mkono vitani.

Julai 1947 China ikapewa kama fidia, ikaiita Tan Yang. Ilimalizia utumishi wake Taiwan, ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Nanga na usukani vilirudi Japani, viko Etajima.