Zana ya usimamizi wa hifadhidata

Zana ya usimamizi wa hifadhidata ni programu ya kompyuta inayomwezesha mtu kuingia katika hifadhidata, kuona yaliyomo, kuuliza maswali kuhusu data, kuzirekebisha na kuzitunza. Zana hiyo ni tofauti na mfumo wa hifadhidata wenyewe, kama vile PostgreSQL, MySQL, MariaDB, Oracle, SQL Server au SQLite. Mfumo ndio unaohifadhi data na kutekeleza amri, lakini zana ni njia ya kuufikia tu. Kwa sababu hiyo hifadhidata moja inaweza kufunguliwa kwa zana mbalimbali, na zana moja inaweza kufungua hifadhidata za mifumo tofauti.

Uchaguzi wa zana hutegemea mambo kadhaa: mfumo unaotumika, kazi inayokusudiwa, ujuzi wa mtumiaji, uwezo wa kompyuta na mtandao, gharama, na usalama wa data. Zana isiyofaa inaweza kupunguza kasi ya kazi, na pengine kusababisha data kupotea.

Historia

Mwaka 1970 mwanahisabati Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alitoa makala iliyopendekeza data zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kupata taarifa alilazimika kujua jinsi data zilivyopangwa ndani ya kompyuta. Codd alitaka mtumiaji aseme anachotaka tu, na kompyuta itafute njia ya kukipata.

Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, pia wa IBM, walieleza lugha ya maulizo iliyoitwa SEQUEL. Baadaye jina hilo lilifupishwa kuwa SQL, kwa sababu SEQUEL lilikuwa tayari alama ya biashara ya kampuni nyingine. SQL ilikubaliwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986, na kiwango cha kimataifa mwaka 1987.

Zana za mwanzo zilikuwa za maandishi matupu: mtumiaji aliandika amri na kusoma jibu kwenye skrini. Kompyuta zenye madirisha na kipanya zilipoenea, zikaja zana zinazoonyesha majedwali kwa macho. Mwaka 1998 Tobias Ratschiller alianzisha phpMyAdmin, inayotumika kupitia kivinjari. DBeaver ilianza mwaka 2010 ikiwa kazi ya mtu binafsi ya wakati wa ziada, na pgAdmin 4, iliyoandikwa upya kwa lugha ya Python, ilitolewa mwaka 2016.

Namna zana inavyofanya kazi

Ili kuunganishwa na hifadhidata, zana huhitaji anwani ya seva, namba ya mlango, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na nenosiri. Kwa kawaida PostgreSQL hutumia mlango namba 5432, MySQL na MariaDB 3306, SQL Server 1433 na Oracle 1521. SQLite haina seva: hifadhidata yake nzima ni faili moja, hivyo zana hufungua faili hilo moja kwa moja.

Zana zinazohudumia mifumo mingi hutumia programu ndogo zinazoitwa viendeshi. Kila mfumo una kiendeshi chake, na taratibu zinazojulikana zaidi za kuviunganisha ni ODBC na JDBC.

Mtumiaji akishaunganishwa anaweza kuandika ulizo kama hili:

SELECT jina, namba FROM wanafunzi WHERE kidato = 4 ORDER BY jina;

Amri hiyo inaomba majina na namba za wanafunzi wote wa kidato cha nne, yakipangwa kwa alfabeti. Zana huipeleka kwa mfumo na kuonyesha jibu. Ulizo likiwa na kosa, ujumbe wa kosa hutoka kwa mfumo wenyewe. Kubadilisha zana hakuondoi kosa hilo.

Aina za zana

Zana za dirisha la amri. Hizi ni kama psql ya PostgreSQL, mysql ya MySQL, sqlite3 ya SQLite na SQL*Plus ya Oracle. Ni nyepesi, hutumika hata kwenye seva isiyo na madirisha, na hufanya kazi vizuri mahali ambapo mtandao ni wa polepole, kwa kuwa zinapitisha maandishi tu. Udhaifu wake ni kwamba mtumiaji anapaswa kukumbuka amri.

Zana za mfumo mmoja. Mifano ni pgAdmin kwa PostgreSQL, MySQL Workbench kwa MySQL, na SQL Server Management Studio kwa SQL Server. Huonyesha uwezo wa mfumo wake kwa undani kuliko zana za jumla, kwa mfano haki za watumiaji, mpango wa utekelezaji wa ulizo na hali ya seva. SQL Server Management Studio hutumika kwenye Windows pekee.

Zana za mifumo mingi. DBeaver, DataGrip na HeidiSQL zimo katika kundi hili. Humfaa mtu anayeshughulikia hifadhidata za aina tofauti, kwa sababu anajifunza zana moja tu. DBeaver ina toleo la bure ambalo ni programu huria, pamoja na matoleo ya kulipia. DataGrip hutolewa na kampuni ya JetBrains, na matumizi yake ya kibiashara hulipiwa.

Zana za kivinjari. phpMyAdmin huhudumia MySQL na MariaDB, na kampuni nyingi za kukodisha nafasi za tovuti huwapa wateja wao. Adminer hufanya kazi inayofanana nayo ikiwa faili moja tu la PHP. Faida yake ni kwamba mtumiaji hasakinishi kitu kwenye kompyuta yake. Hatari yake ni kwamba ukurasa ulio wazi kwenye intaneti unaweza kujaribiwa na wadukuzi, hivyo hupaswa kulindwa au kuondolewa usipotumika.

Zana za ofisini. Microsoft Access na LibreOffice Base huunganisha hifadhidata, fomu na ripoti mahali pamoja. Zinafaa kwa shughuli ndogo, lakini hazikukusudiwa kwa watu wengi wanaoandika data kwa wakati mmoja.

Vigezo vya kuchagua

Mfumo na toleo lake. Swali la kwanza ni kama zana inaelewana na mfumo uliopo. Toleo lina umuhimu wake: kwa mfano pg_dump, programu ya kutengeneza nakala rudufu za PostgreSQL, hukataa kunakili kutoka seva ambayo toleo lake kuu ni jipya kuliko lake.

Kazi inayofanywa. Mchambuzi anayesoma data tu huhitaji uandishi rahisi wa maulizo na njia nzuri ya kutoa matokeo. Msanifu huhitaji michoro ya uhusiano wa majedwali. Msimamizi wa seva huhitaji kuona nani ameingia, ulizo gani limechelewa na nakala rudufu ya mwisho ilifanyika lini.

Kompyuta na mtandao. DBeaver na DataGrip hutumia Java na huhitaji kumbukumbu nyingi kuliko HeidiSQL au psql. Kwenye kompyuta ya zamani tofauti hiyo huonekana. Pia ni vizuri zana iwe na kikomo cha safu zinazoletwa kwa mara moja, kwa sababu kuvuta jedwali zima la safu milioni kupitia mtandao wa simu humaliza muda na fedha.

Leseni na uhai wa zana. Zana ya bure si lazima iwe programu huria, na zana ya kampuni kubwa si lazima idumu. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha kuendeleza Azure Data Studio, na watumiaji wakashauriwa kuhamia kwenye Visual Studio Code. Kwa sababu hiyo inapendekezwa maulizo muhimu yahifadhiwe katika mafaili ya kawaida ya maandishi, ambayo zana yoyote inaweza kuyasoma.

Herufi na uingizaji wa data. Zana inapaswa kutumia UTF-8 ili herufi za lugha zote zisiharibike. Katika Kiswahili na lugha jirani kuna jambo la pekee: alama ya ritifaa iliyomo katika maneno na majina kama ng'ombe, Wang'ombe au Nyong'o ndiyo hiyo hiyo inayofunga maandishi katika SQL. Mtu akiandika 'Wang'ombe' mfumo huona maandishi yameishia kwenye Wang, kisha hutoa kosa. Njia sahihi ni kuirudia: 'Wang''ombe'. Zana nzuri hufanya hivyo yenyewe mtu anapojaza data moja kwa moja katika jedwali. Aidha, namba za simu zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo zikihifadhiwa kama namba, au zikifunguliwa ovyo katika lahajedwali. Hupaswa kuhifadhiwa kama maandishi.

Usalama na tahadhari

Hatari kubwa ya zana hizi inatokana na urahisi wake. Amri DELETE FROM malipo. Bila sehemu ya WHERE hufuta malipo yote, si moja. Programu ya mysql ina chaguo liitwalo --safe-updates linalozuia amri za kufuta au kubadilisha zisizo na masharti yanayofaa, na MySQL Workbench huwa na kinga hiyo tangu mwanzo.

Kinga nyingine ni muamala. Mtumiaji huanza na BEGIN, hutekeleza amri, hukagua idadi ya safu zilizoguswa, kisha huthibitisha kwa COMMIT au kurudisha hali ya awali kwa ROLLBACK. Hata hivyo zana nyingi huthibitisha kila amri papo hapo mpaka mtumiaji abadilishe mpangilio huo. Mifumo nayo hutofautiana: katika PostgreSQL hata kufutwa kwa jedwali zima kunaweza kurudishwa ndani ya muamala, lakini katika MySQL amri ya DROP TABLE huthibitishwa mara moja.

Mfano unaojulikana ni tukio la kampuni ya GitLab la tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa akirekebisha seva ya akiba alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Ilipotafutwa nakala rudufu iligundulika kwamba pg_dump ilikuwa ikishindwa kufanya kazi kwa sababu lilitumika toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, na barua pepe za kutoa taarifa hazikuwa zikifika. Huduma ilirejeshwa kwa kutumia nakala iliyochukuliwa takriban saa sita kabla ya tukio, na data za muda huo zilipotea. GitLab yenyewe ilichapisha maelezo ya tukio hilo ili wengine wajifunze.

Kutokana na matukio ya namna hiyo, wataalamu hushauri yafuatayo:

- Seva ya kazi halisi ipewe rangi tofauti katika zana, isichanganywe na ya majaribio.
- Mtu anayesoma data tu apewe akaunti ya kusoma tu, kwa sababu kinga iliyo ndani ya mfumo haitegemei zana.
- Muunganisho upite katika njia iliyosimbwa, kama vile SSH au TLS.
- Nakala rudufu zijaribiwe kwa kurejeshwa, kwani nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haina uhakika.

Matumizi katika Afrika Mashariki

Zana hizi hutumika katika vyuo, benki, ofisi za serikali na kampuni za programu. Katika sekta ya afya, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ni kati ya nchi zinazotumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, ambao huhifadhi data zake katika PostgreSQL. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na wenye mizizi katika kazi iliyofanyika Eldoret, Kenya, umetumia MySQL kwa miaka mingi. Hivyo fundi wa takwimu anayehudumia mifumo yote miwili huhitaji ama zana mbili, ama moja ya mifumo mingi.

Sheria nazo zinahusika. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Mtu anayetoa orodha ya wagonjwa au wateja kutoka hifadhidata na kuiweka kwenye kompyuta yake binafsi bado anawajibika kwa taarifa hizo, hata kama zana ilimruhusu kufanya hivyo kwa kubofya mara moja.

Kwa mwanafunzi anayeanza, SQLite pamoja na DB Browser for SQLite hutosha, kwa kuwa zote ni za bure na hazihitaji seva. Akisha kuzoea SQL, kuhamia zana nyingine si kazi ngumu: vitufe hubadilika, lakini lugha ya maulizo hubaki ileile kwa sehemu kubwa.

Tazama pia

- Hifadhidata
- SQL
- PostgreSQL
- MySQL
- Programu huria