Hague Iliyoishia Turbo

Barabara ya kutoka Bungoma kwenda Eldoret hupita Webuye, ikakata Lugari, kisha ikaingia Turbo. Ile ya kutoka Kitale hupitia Moi's Bridge na Soy. Zote mbili hukutana Eldoret, na huko ndiko kesi ya kwanza ya Wakenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, iliyoko Hague, Uholanzi, ilikojikita. Hati ya mashtaka dhidi ya William Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang ilitaja Turbo, mitaa na viunga vya Eldoret kama Huruma, Langas, Yamumbi na Kiambaa, halafu Kapsabet na Nandi Hills. Kesi ya pili, ya Uhuru Kenyatta na Francis Muthaura, ilihusu Nakuru na Naivasha. Bungoma haikuwamo. Kitale nayo haikuwamo, ingawa Sang mwenyewe alizaliwa Kitale mwaka 1975.

Lakini wanasiasa wa pande hizi mbili walikuwa katikati ya vuta nikuvute iliyodumu zaidi ya miaka saba kuhusu nani awahukumu viongozi waliodaiwa kupanga ghasia za uchaguzi wa 2007. Moses Wetang'ula, mbunge wa Sirisia katika Bungoma, alikuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni. Eugene Wamalwa, mbunge wa Saboti iliyo mlangoni mwa Kitale, alikuja kuwa Waziri wa Haki. Na baina ya miji hii miwili umekaa Mlima Elgon, ambako watu waliuawa kabla ya uchaguzi, wakati wa uchaguzi na baada yake. Mlima huo ndio unaofanya historia hii isimuliwe tofauti hapa na inavyosimuliwa Nairobi.

Kumpeleka kiongozi mbali akajibu mashtaka si jambo lililoanza na Wazungu wa Uholanzi. Wazee wa Kimilili na Malakisi wanakumbuka habari za Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, ambaye serikali ya kikoloni ilimhamishia Lamu mwaka 1948, baada ya polisi kuwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi mwezi Februari. Waliofyatua hawakupelekwa Lamu. Baadaye zikaja ghasia za 1991 na 1992, zilizowafukuza watu kutoka mashamba ya Trans Nzoia na nyanda za chini za mlima. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilikadiria kwamba watu 779 walikuwa wameuawa nchini na 54,000 kuachwa bila makao. Jaji Akilano Akiwumi alichunguza tena kuanzia 1998. Ripoti yake ilikaa kabatini hadi Oktoba 2002. Vigogo waliotajwa katika kurasa hizo waliendelea kugombea viti na kushinda.

Kwa hiyo matokeo ya kura ya Desemba 27, 2007 yalipotangazwa siku tatu baadaye na Mwai Kibaki akaapishwa jioni hiyohiyo, watu wa hapa walijua kinachofuata kwa sababu walikuwa wamekipitia. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa nchini kuwa 1,133. Mkoa wa Bonde la Ufa, ambao Kitale ilikuwa ndani yake, ulipoteza watu 744. Mkoa wa Magharibi, wenye Bungoma, ulipoteza 98. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale ukageuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Wengine walipita Malaba wakaingia Uganda, wakapokelewa Mulanda karibu na Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Baadhi yao hawakurudi Kenya.

Waki alikabidhi ripoti Oktoba 15, 2008. Yeye na makamishna wenzake wawili, mmoja kutoka New Zealand na mwingine kutoka Kongo, walikuwa wamesoma hatima ya Kiliku na Akiwumi, wakatafuta njia ya kuizuia ripoti yao isife vivyo hivyo. Waliandika majina ya washukiwa wakuu, wakayafunga ndani ya bahasha, wakampa Kofi Annan. Kenya iunde mahakama maalum, na ikishindwa, bahasha iende Hague. Ni mtego uliotegwa kwa ustadi, na Bunge likauingia kwa miguu yake lenyewe.

Februari 12, 2009, mswada wa kubadilisha katiba ili mahakama hiyo iundwe ulipata kura 101 dhidi ya 93. Ulihitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, hivyo ukaanguka. Ukitazama waliouangusha utashangaa. Kulikuwa na wanaharakati kama Gitobu Imanyara, walioamini kwamba mahakama yoyote ya Nairobi ingeshikwa na wenye nguvu. Kulikuwa pia na washirika wa watu ambao majina yao yalidhaniwa kuwamo ndani ya bahasha. Hawa waliona Hague kuwa mbali na polepole mno, hivyo kwao ilikuwa salama kuliko Nairobi. Kundi moja lilitaka Hague kwa sababu ingehukumu, na jingine lilitaka Hague kwa sababu haingefika. Katika mijadala ya siasa neno "Hague" likawa na maana mbili kwa wakati mmoja, na wengi waliolipigia makofi mwaka 2009 ndio waliolilaani miaka miwili baadaye. Imanyara alijaribu tena na mswada wake binafsi mwishoni mwa mwaka. Wabunge hawakutosha ukumbini kuujadili. Kufikia hapo Annan alikuwa ameshampa bahasha, mwezi Julai, kiongozi wa mashtaka wa ICC, Luis Moreno-Ocampo.

Turudi mlimani. Mgogoro wa Chebyuk ulianza mapema miaka ya 1970, serikali ilipowagawia mashamba watu waliohamishwa kutoka Chepkitale. Kila awamu ya ugawaji iliacha watu wenye hati na watu wasio nazo juu ya udongo uleule. Awamu ya tatu ndiyo iliyozaa kundi la Sabaot Land Defence Force, likiongozwa na Wycliffe Matakwei. Tangu 2006 kundi hilo liliua, likakata watu masikio, likatoza "kodi" na kuamua nani akae na nani aondoke. Watafiti wa haki za binadamu walikadiria waliouawa nalo kuwa zaidi ya 600. Familia zilikimbilia Bungoma, Chwele, Endebess na Kitale. Mkataba wa amani kati ya Kibaki na Raila Odinga ulitiwa saini Februari 28, 2008. Wiki ya pili ya Machi, jeshi likapanda mlima katika Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana walikusanywa kijiji baada ya kijiji na kupelekwa kambi ya Kapkota, ambako wengi walieleza baadaye kwamba waliteswa ili wataje wanamgambo. Wapo ambao hawakuonekana tena. Matakwei aliuawa Mei 2008. Jeshi lilikana mateso hayo.

Majaji wa Hague waliporuhusu uchunguzi Machi 31, 2010, waliweka muda: kuanzia Juni 1, 2005 hadi Novemba 26, 2009. Muda huo ulifunika umwagaji damu wote wa mlimani tangu 2006, wanamgambo na wanajeshi pamoja. Mlango ulikuwa wazi. Moreno-Ocampo alipowataja washukiwa sita Desemba 15, 2010, watatu walitoka upande wa ODM ya Raila na watatu upande wa PNU ya Kibaki: Ruto, Henry Kosgey na Sang, Muthaura, Kenyatta na Mohammed Hussein Ali. Mizani ilisawazishwa kwa vyama. Mlima Elgon haukuwa na chama. Ugomvi wake ulikuwa wa mashamba, koo na sare za jeshi, na haukuweza kugawanywa katikati ya ODM na PNU. Naamini hiyo ndiyo sababu uliachwa, na sioni kama ilikuwa sababu nzuri.

Wanasiasa wa hapa hawakulalamika kwa sauti ya kusikika. Walikuwa na shughuli nyingine. Agosti 27, 2010, siku ya kuzindua katiba mpya, Rais Omar al-Bashir wa Sudan alionekana jukwaani Nairobi ilhali anasakwa na ICC. Wetang'ula ndiye aliyesimama mbele ya wanahabari na kutetea mwaliko huo: Bashir ni jirani, na Kenya ni mwanachama wa Umoja wa Afrika. Miezi minne baadaye, wiki moja tu baada ya Sita wa Ocampo kutajwa, Bunge lilipitisha hoja ya Isaac Ruto ya kutaka Kenya ijiondoe katika Mkataba wa Roma ulioianzisha ICC. Makamu wa Rais Kalonzo Musyoka alizunguka Afrika akitafuta kura za kuahirisha kesi. Wetang'ula wakati huo alikuwa nje ya wizara, lakini hoja alizotumia kumtetea Bashir ndizo Kalonzo alizozunguka nazo.

Zamu ya Kitale ikaja Machi 2012. Januari 23 majaji walikuwa wamethibitisha mashtaka dhidi ya wanne, wakawaachilia Kosgey na Ali. Waziri wa Haki, Mutula Kilonzo, alikuwa akisema waziwazi kwamba mtu mwenye kesi kama hiyo hafai kuwania urais. Kibaki alimhamishia Elimu, na nafasi yake akampa Eugene Wamalwa, ambaye alikuwa akipanda majukwaa pamoja na Uhuru na Ruto katika kundi la wanasiasa lililoitwa G7. Serikali sasa ilisema kesi zirudi nyumbani, au angalau zije karibu, Arusha. Aprili, Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kuzihamishia Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Wakuu wa nchi walikutana Arusha mwezi huohuo na kuagiza uchunguzwe uwezekano wa kuipa mahakama hiyo mamlaka ya kushughulikia uhalifu dhidi ya binadamu.

Hapa ndipo ninapoikasirikia historia hii. Mahakama hiyohiyo ya Arusha ilikuwa na kesi ya Mlima Elgon mezani. Shirika la Independent Medico-Legal Unit lilikuwa limeishtaki serikali ya Kenya mwaka 2010 kuhusu mauaji na mateso ya zaidi ya wakazi 3,000 wa mlima. Serikali ilipinga kesi isisikilizwe. Ilishindwa katika ngazi ya kwanza mwaka 2011, ikakata rufaa, na Machi 2012 ikashinda: majaji wa rufaa walisema shirika lilipaswa kwenda kortini ndani ya miezi miwili tangu lijue yaliyotendeka. Ndani ya wiki chache, serikali iliyopigana wanakijiji wa Kopsiro na Cheptais wasisikilizwe Arusha ikaanza kuomba wakubwa wake wasikilizwe Arusha. Waziri aliyelibeba ombi hilo angeweza kuuona mlima huo akiwa nyumbani kwake.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mahakama Kuu ilikataa Februari 2013 kuwazuia Uhuru na Ruto kugombea. Mwanadiplomasia wa Marekani Johnnie Carson aliwaonya Wakenya kuhusu athari za uamuzi wao, na wafuasi wa Jubilee, muungano wa Uhuru na Ruto, wakaligeuza onyo hilo kuwa kampeni dhidi ya ukoloni mamboleo. Bungoma ilimpa Raila kura nyingi zaidi; Wetang'ula alikuwa mmoja wa vinara wa CORD, muungano wa Raila, na akawa seneta. Septemba 2013 mabunge yote mawili yalipitisha tena hoja za kujiondoa ICC, na CORD, muungano wa waziri aliyemtetea Bashir miaka mitatu awali, ndio ulioongoza upinzani. Sheria yenyewe haikutungwa. Kenya bado ni mwanachama.

Kesi ya Ruto na Sang ilianza Septemba 10, 2013. Jopo lililoisikiliza lilipendekeza ifunguliwe Kenya au Tanzania, lakini kikao cha majaji wa mahakama hiyo kikakataa. Mashahidi wakaanza kubadili maneno au kutoweka. Mahakama ilitoa hati za kukamatwa kwa Wakenya watatu kwa madai ya kuwahonga mashahidi, akiwemo mwanahabari Walter Barasa na wakili Paul Gicheru. Mashtaka dhidi ya Muthaura yaliondolewa Machi 2013, ya Uhuru Desemba 2014. Aprili 5, 2016, majaji wawili kati ya watatu waliifuta kesi ya Ruto na Sang bila kuwatangaza kuwa hawana hatia. Wa tatu, Olga Herrera Carbuccia, alitaka iendelee. Gicheru alijisalimisha mwaka 2020 na akafariki Septemba 2022 akisubiri hukumu.

Waathiriwa waliobaki Trans Nzoia walikuwa wamepewa, kupitia Operesheni Rudi Nyumbani, shilingi 10,000 za kuanzia maisha na kuahidiwa 25,000 za kujengea nyumba. Wapo waliopata zote, wapo waliopata nusu, wapo ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha. Mwaka 2015 Uhuru aliomba radhi bungeni na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa wa dhuluma za kihistoria. Kutangazwa ni jambo moja, kulipwa ni jingine.

Septemba 2022, Ruto akiwa Rais mteule, Wetang'ula alichaguliwa Spika wa Bunge la Kitaifa kwa tiketi ya muungano wa Kenya Kwanza. Wamalwa alikuwa ameingia upande wa pili, Azimio. Novemba 2023 naibu kiongozi wa mashtaka wa ICC, Nazhat Shameem Khan, alitangaza kwamba uchunguzi kuhusu Kenya umefungwa. Hati dhidi ya Barasa na Mkenya mwingine, Philip Bett, zilikuwa zingali hai wakati huo, na hizo ndizo pekee zilizosalia. Muda ambao majaji waliuweka mwaka 2010, ulioufunika mlima kuanzia kundi la Matakwei hadi Kapkota, umefungwa pamoja na jalada lote, bila mtu hata mmoja kuitwa Hague kwa ajili yake.