HERUFI TANO ZILIZOMRUDISHA KAKA YANGU

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kidogo. Kuna jambo la kifamilia lilinishughulisha, na leo nimeamua kuliweka hapa kwa sababu naamini si la familia yetu peke yetu.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alipata kazi ya udereva huko Ghuba. Pasipoti ipo, mkataba upo, na shamba la minazi la babu limeshawekwa rehani ili nauli ipatikane. Kilichobaki kilikuwa kupima afya tu. Akapima. Akapewa karatasi yenye herufi tano, HBsAg, na mbele yake alama ya kujumlisha. Chini mhuri: hafai. Hakuna aliyemkalisha chini kumweleza chochote. Aliporudi nyumbani, wiki hiyo hiyo kikombe chake cha chai kikatengwa na vingine.

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikaanza kuuliza. Herufi hizi zimetoka wapi? Nani alizigundua, na alikuwa anatafuta nini?

Tuanze mbali kidogo. Kwa karne nyingi ugonjwa huu ulijulikana kwa macho tu: macho ya mgonjwa yakiwa manjano, basi ana manjano. (Msichanganye na homa ya manjano, ile ya mbu, ingawa magonjwa haya mawili yaliwahi kukutana vibaya. Mwaka 1942 wanajeshi wa Marekani wapatao 50,000 walilazwa kwa manjano baada ya kuchanjwa dhidi ya homa ya manjano, kwa sababu chanjo yenyewe ilichanganywa na majimaji ya damu ya binadamu, na ndani yake mlikuwa na virusi ambavyo hakuna aliyevijua.) Shida ni kwamba wengi wenye virusi hivi hawageuki manjano hata siku moja. Macho hayatoshi. Damu lazima iulizwe.

Damu ilianza kujibu mwaka 1955. Fernando De Ritis na wenzake wa mji wa Naples, Italia, walionyesha kwamba vimeng'enya viitwavyo transaminasi hupanda katika damu ya mgonjwa wa homa ya ini. Maelezo yake ni rahisi: vimeng'enya hivi makazi yake ni ndani ya seli za ini, na seli ikiumia vinavuja na kuingia kwenye damu. Hadi leo kimojawapo, ALT, ni kipimo cha kawaida hospitalini. Lakini ALT inakwambia nyumba inaungua tu. Haikwambii nani kaichoma.

Aliyempata mchomaji hakuwa anamtafuta! Dk. Baruch Blumberg wa Marekani alitaka kujua kwa nini watu hutofautiana katika protini za damu walizorithi, na kwa nini wengine huugua na wengine hawaugui. Alikusanya damu kutoka pembe nyingi za dunia. Hata Nigeria alifika mwaka 1957. Yeye na Dk. Harvey Alter walitumia njia isiyo na makuu: unatengeneza jeli, unatoboa vishimo, unaweka damu ya mtu huyu hapa na ya yule pale, unasubiri. Kitu cha damu moja kikikutana na kingamwili cha damu nyingine, mstari unajichora katikati. Walipenda damu ya wagonjwa wa himofilia, ambao huongezewa damu mara kwa mara, maana wana kingamwili dhidi ya mambo mengi ya watu wengi.

Mwaka 1963 damu ya mgonjwa mmoja wa himofilia wa New York ilichora mstari na damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Ndiyo maana mwaka 1965 walipotangaza waliiita antijeni ya Australia. Ni nini hasa? Hawakujua. Kwanza walidhani inahusiana na saratani ya damu.

Jibu lilianza kuonekana maabara, na kwa gharama ya mtu. Mwaka 1967 Barbara Werner, aliyefanya kazi katika maabara ya Blumberg huko Philadelphia, alijisikia mgonjwa. Akapima damu yake mwenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na antijeni ile. Mstari hafifu ukatokea. Alikuwa na homa ya ini. Bahati njema alipona. Mwaka 1968 Kazuo Okochi huko Tokyo na Alfred Prince huko New York walithibitisha uhusiano huo kwa njia zao. Ile antijeni ilikuwa ganda la nje la virusi vya homa ya ini B.

Hapo ndipo herufi zetu tano zinaposomeka: HB ni homa ya ini B, s ni ganda la nje, Ag ni antijeni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchuja damu ya kuongezewa wagonjwa, na baadaye ganda hilo hilo likawa chanjo. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Uzito wake ulionekana Taiwan. Palmer Beasley na wenzake walifuatilia wanaume 22,707, na mwaka 1981 wakatoa matokeo: kati ya 41 waliokufa kwa saratani ya ini, 40 walikuwa na antijeni ile kwenye damu. Arobaini kati ya arobaini na mmoja! Nilipoisoma takwimu hiyo niliifunga kompyuta nikatoka nje.

Lakini nilirudi, maana historia haikuishia hapo. HBsAg ikidumu zaidi ya miezi sita, virusi vimehamia kwa kudumu. Hapo unapima wingi wa virusi, unapima ALT, unaangalia HBeAg, ambayo ikiwepo mara nyingi virusi vinazaliana kwa kasi. Inapohitajika unaangaliwa saratani kwa picha ya ini na kipimo cha AFP, protini ambayo Tatarinov wa Urusi aliikuta kwa mgonjwa wa saratani ya ini mwaka 1964. Dawa za kuvidhibiti virusi zipo. Yaani ile alama ya kujumlisha ni mwanzo wa maswali. Aliyepiga mhuri aliifanya hukumu.

Tulimpeleka kaka hospitali. ALT yake iko sawa, virusi ni vichache, hahitaji dawa kwa sasa, atapimwa kila baada ya miezi sita. Mkewe na watoto wamepimwa, hawana, wamechanjwa. Nami nimepima. Nakiri niliahirisha mara mbili kwa woga, mimi ninayejifanya msomi hapa.

Jioni ile niliwaeleza wazee: virusi hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaliwa, kwa kuchangia wembe. Havipiti kwa kikombe. Mama mkubwa hakusema kitu. Aliinuka, akakichukua kile kikombe, akajimiminia chai yake.

Shamba la babu bado halijakombolewa. Kaka anaendesha daladala.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini B. Siku ya Homa ya Ini Duniani ni Julai 28, siku aliyozaliwa Blumberg. Usiisubiri. Kapime, na ukipewa karatasi yenye herufi tano usiondoke mpaka mtu akueleze.

Wenye yaliyowakuta kama haya, ukumbi ni wenu.