Ufunguo Uliofungiwa Ndani

Historia ya kompyuta hapa Eldoret husimuliwa kwa majina makubwa. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, nje kidogo ya mji, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa programu ya Microsoft Access. Mwaka 2004, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief kule Indiana waliona mfumo huo hautabeba wagonjwa wote wa Ukimwi waliokuwa wakimiminika AMPATH, wakaanza kusuka mwingine. Ndio OpenMRS, ulioanza kutumika hapa mwaka 2006 na leo uko nchi nyingi.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na haya nimeyajua kwa kusoma tu usiku. Kinachonivuta ni kile ambacho simulizi kama hizi huruka. Kabla ya jina la mgonjwa wa kwanza kuandikwa kwenye seva yoyote, lazima mfumo endeshi usakinishwe, na lazima uijue kadi ya mtandao. Anayeijulisha ni draiva. Si wa matatu, huyu ni programu ndogo tu.

Mwaka 1999, Intel ilitoa toleo la 2.1 la PXE. Seva mpya, bila CD wala flashi, inawaka, inaomba anwani kwenye mtandao, inaletewa faili, inajisakinisha. Unawasha seva ishirini, unaenda kunywa chai.

Lakini kuna mtego. Mwanzoni kadi huongozwa na programu iliyomo ndani yake yenyewe. Kisakinishi kikishaingia, kinashika usukani na kutafuta draiva yake. Isipokuwepo, mtandao unakatika hapo hapo. Na draiva unayoitaka iko wapi? Kwenye mtandao. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Kwa hivyo kazi hufanywa mapema. Unasoma namba za utambulisho za kadi (za Intel huanza na 8086), unatafuta draiva ya toleo lako, unaiweka ndani ya kisakinishi. Kwa Windows unaiweka mara mbili: kwenye faili ya kuwashia na kwenye mfumo wenyewe. Halafu unajaribu seva moja kwanza.

Hili lilikuwa na uzito wake Kenya. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kutumika Mombasa Julai 2009, tulitegemea setilaiti, polepole na ghali. Na kwa miaka mingi kisakinishi rasmi cha Debian kiliacha nje programu za kadi zisizo huria, kwa msimamo wa uhuru. Msimamo mzuri, ila aliyeulipia zaidi ni yule asiye na intaneti nyingine ya kuzipakua. Walipiga kura mwaka 2022, na Debian 12 ya Juni 2023 ikaja nazo.

Kwangu mimi, kura hiyo ni historia kama OpenMRS ilivyo historia. Mtu wa mbali alikumbukwa kabla hajakwama.