Nyege Nyege na masikio ya mpakani

Mzee wa Kahororo, Bukoba, akiambiwa mjukuu amevuka mpaka wa Mutukula kwenda Uganda kwenye tamasha la muziki la Nyege Nyege, apewe muda wa kumeza mate. Kwa Kiswahili nyege ni ashiki, neno lisilotajwa mbele ya wakwe. Kwa Kiganda, waandaaji wanaeleza, ni ule mhemko unaokushika ghafla, mwili ukacheza bila kuuamuru. Kulirudufu hakusaidii kitu: Mswahili anasikia nyege maradufu.

Tamasha lenyewe lilianza Jinja mwaka 2015, karibu na Nile, watu wakikesha siku kadhaa mfululizo. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alilipiga marufuku akitaja uasherati, kisha akalegeza.

Kinachonichekesha ni kwamba baadhi ya midundo inayopagawisha zaidi pale imetoka kwetu: singeli ya uswahilini Dar es Salaam, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kasi ya kuiacha nyuma hata hadkoo, tekno ya kasi ya Rotterdam. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Mburahati, Dar es Salaam. Nyumbani, ngoma hiyohiyo ilihesabiwa ya wahuni wa kigodoro, yaani disko la mtaani la kucheza mpaka alfajiri.

Basi mhariri mwenye haya aandike nini badala ya jina hilo? “Mkesha” tayari umeshikwa na makanisa. Mimi ningeandika Nyege Nyege, N kubwa mbili, kama jina la mtu, na nisingelitafsiri.