Masini za Waingereza zilizoleta vita ya mashua Kalemie

Hapa kwetu Kalemie wakikaa pamoja wazee wawili walioendesha kamio, mazungumzo hayakawii kufika kwenye Bedford. Mmoja ataisifu, mwingine atasema Magirus ndiyo iliyojua kupanda, kiisha watahesabu milima ya njia ya Moba na usiku waliolala juu ya magunia wakingoja kipande cha masini kifike. Motaboi wa wakati ule, leo babu mwenye wajukuu, bado anajua ni jiwe gani lilitegwa nyuma ya gurudumu kwenye mteremko gani. Masimulizi hayo yanafaa kuandikwa mapema.

Lakini kuna masini nyingine za Uingereza ambazo mji huu una habari yake kubwa zaidi, nazo hazikuwa kamio. Tena zenyewe hazikufika Kalemie hata siku moja. Zilileta mzigo, zikaachwa njiani.

Mwezi wa nane 1914, vita ya dunia ilipoanza, meli ya Wadachi Hedwig von Wissmann ilishambulia na kuharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji. Toka hapo Wadachi wakawa wenye ziwa. Walivuka walipotaka, wakapiga ng'ambo hii walipotaka. Na huko Kigoma walikuwa wakiunganisha Graf von Götzen, meli kubwa kupita zote, iliyoletwa vipande vipande. Kweli, reli ya Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, kilometa 273, lakini reli haipigani na meli.

Mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, aliwaendea wakubwa wa jeshi la maji London akawaambia: leteni mashua ndogo zenye mbio, zipitishwe nchi kavu. Wakakubali. Mashua mbili zilitoka kwa kampuni ya Thornycroft, kila moja urefu wa mita 12 hivi na uzito wa zaidi ya tani 4. Wanaopenda magari ya zamani wanalijua jina hilo, sababu Thornycroft ndiyo iliyotengeneza pia malori ya Basingstoke, na maelfu yake yalifanya kazi ya jeshi la Uingereza katika vita ileile. Mkubwa wa safari, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. London wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, na wakubwa wakapitisha bila kuuliza ni kitu gani. Kwa Kifaransa cha watoto, maana ni ileile: paka na mbwa! Sisi tunaosoma «Mimi» kwa Kiswahili tunacheka mara ya pili.

Ziliondoka London mwezi wa sita 1915 kwa meli mpaka Cape Town, kisha treni mpaka Elisabethville, na mbele kidogo mpaka Fungurume. Hapo reli ikaisha. Reli ya Bukama ilikuwa haijakamilika. Ilifika mwaka 1918 tu. Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, ambapo kipande kingine cha reli kilikuwa kikingoja, kulibaki kilometa karibu 235 za pori, mabonde na milima ya Mitumba, mahali pengine karibu mita 2,000 juu ya bahari.

Ndipo zikaletwa masini mbili za mvuke. Kwa msomaji kijana aliyezoea mazutu tueleze kidogo. Masini ya namna ile ni kama kichwa cha gari moshi kilichoachishwa reli. Ina tangi la kuchemshia maji, jiko la kuni, bomba la moshi mbele, na magurudumu ya nyuma ya chuma, mapana, marefu kuliko mtu. Haina mbio, mtu mzima akitembea vizuri anaiacha. Nguvu yake iko katika kuvuta. Lakini inakula kuni mchana kutwa na kunywa maji bila kushiba, na maji yakipungua katika tangi ni hatari, chuma kinaweza kuungua na kupasuka. Tena ni nzito mno: daraja linalobeba watu na ng'ombe halitaibeba.

Kwa hiyo njia ilibidi itengenezwe mbele yake. Mamia ya watu wa vijiji vya huko, nchi ya Basanga na Baluba, walikata miti, wakapasua mawe, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja kwa magogo na udongo. Safari ilianza tarehe 18 mwezi wa nane. Daraja la magogo lilizama chini ya masini, wakaiinua, wakajenga tena. Pahali pa kupanda, masini peke yake haikuweza, wakafunga ng'ombe kwa makumi. Pahali pengine ng'ombe ndio waliovuta masini! Kwenye mteremko kazi ilikuwa kinyume: kamba kwenye mti mkubwa, polepole, mashua isije ikamkimbilia anayeivuta.

Ikafika sehemu isiyo na maji, wakati wa kiangazi. Nani aliyeokoa safari? Wanawake wa vijiji. Walibeba maji vichwani, kwa mitungi, toka mbali, kusudi masini ya Mwingereza inywe. Vitabu vya Wazungu vinawataja kwa mstari mmoja au miwili na kupita. Spicer-Simson vinampa kurasa nyingi: michoro ya mwilini, majivuno yake, mpaka sketi yake ya kitambaa. Mimi sioni ubaya wa kumcheka yule bwana, lakini kwa hesabu yangu mtungi ule una uzito kuliko sketi.

Mwisho wa mwezi wa tisa walifika Sankisia. Masini zikaachwa, kazi yake imekwisha. Mashua zikapanda treni mpaka Bukama, zikashuka Lualaba iliyokuwa na maji machache, zikikwama mchangani mara kwa mara, mpaka Kabalo. Toka pale reli yetu ikazileta Lukuga, mwisho wa mwezi wa kumi 1915.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili walikamata Kingani, wakaibadilisha jina kuwa Fifi. Tarehe 9 mwezi wa pili 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Götzen haikupigwa na mashua hizi. Wadachi wenyewe waliizamisha Kigoma mwezi wa saba mwaka uleule. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba, jina ambalo abiria wa ziwa hili wamelijua vizazi na vizazi.

Huko Uingereza kuna vyama vya watu wanaosafisha masini za mvuke na malori ya zamani, wanayapaka rangi na kuyaendesha siku za sikukuu. Wanajua namba ya kila masini, mwaka ilipotengenezwa, nani aliinunua. Ni kazi nzuri, siwaonei wivu. Lakini kuhusu njia ile ya Mitumba, upande wa namba na chuma umeshaandikwa. Majina ya waliobeba maji, na ya wale waliokata magogo, hayamo. Kama katika familia ya msomaji, upande wa Fungurume, wa Bukama au wa njia ya katikati, kuna bibi aliyesimuliwa na mama yake habari ya «motuka ya moshi iliyokunywa maji ya kijiji», tunamuomba alete jina hilo kwenye chama. Jina la kijiji pia litatosha, maana toka kijiji tunaweza kuuliza.