Somo la Historia: Maswali, Majibu na Mkasi

Kaeni karibu na redio. Leo tutasema habari za mahojiano, yaani maswali na majibu baina ya mtangazaji na mgeni wake.

Mahojiano ya saa moja huweza kutangazwa kwa dakika tano tu. Mengine hukatwa. Hilo si kosa. Fundi hawezi kushona kanzu bila ya kukata kitambaa. Kazi hiyo ya kukata na kuunga huitwa kuhariri. Sasa sikilizeni yaliyotokea Marekani.

Tarehe 23 Februari, 1971, shirika la CBS lilionyesha katika televisheni filamu juu ya fedha ambazo Wizara ya Ulinzi ilizitumia kujisifu mbele ya wananchi. Ndani yake alihojiwa Daniel Henkin, mkubwa wa habari wa wizara hiyo. Wahariri walichukua maneno aliyoyasema kujibu swali moja, wakayaunga na swali jingine. Sauti ilikuwa yake na kila neno lilikuwa lake, lakini jibu halikuwa lake. Mtazamaji nyumbani angejuaje?

Basi badala ya kuulizana habari za fedha, ambazo ndizo zilizokuwa jambo kubwa, watu wakagombania mkasi! Halmashauri moja ya Bunge ikadai ipewe hata vipande visivyoonyeshwa. Mkuu wa CBS, Frank Stanton, akakataa, kwa kuwa serikali ikipekua kazi ya watangazaji, nani atathubutu kuisema? Mwezi wa Julai wabunge waliamua, kwa kura 226 dhidi ya 181, wasimshitaki. Mimi naona Stanton alikuwa na haki, na Henkin naye alikuwa na haki ya kulalamika.

Baadaye CBS wakajiwekea sheria: jibu likitoka katika swali jingine, mtazamaji aambiwe.

Lakini Januari 1982 walionyesha filamu nyingine, iliyosema kwamba wakuu wa jeshi la Marekani walipunguza hesabu ya maadui huko Vietnam. Uchunguzi wa CBS wenyewe ulionyesha kwamba sheria zao zilivunjwa. Shahidi mmoja, George Allen, alihojiwa mara mbili. Na kabla ya mara ya pili alionyeshwa filamu za mashahidi wengine. Kumwambia mgeni ataulizwa juu ya nini ni adabu. Kumwonyesha wenzake walivyosema ni jambo jingine kabisa.

Jenerali Westmoreland alidai dola milioni 120. Akaiacha kesi Februari 1985, kabla ya hukumu, wala hakulipwa kitu. Hivyo baraza la wazee wa mahakama halikupata kusema kama hesabu ile ilipunguzwa kweli.

Sasa fungueni daftari. Andikeni maswali mawili, mwenzako ayajibu. Kisha someni swali la kwanza pamoja na jibu la pili, kwa sauti, darasa zima lisikie.

Kwaherini.